Sanduku la baba mkwe



Mama mmoja wa chama chetu, wa upande wa Walikale, alinifikia shuleni na sanduku la bati alilolifunga ndani ya kitenge. Baba mkwe wake alikuwa muganga tangu wakati wa Wabelgiji. Ndani mlikuwa na mikasi, koleo na visu vya kupasulia. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikuwa ameshafika nyumbani na mizani yake, na shangazi naye aliomba mikasi ya kukatia kitovu cha watoto. Mama akaniuliza: "Mwalimu, hivi ni vya mwaka gani?"

Nilimjibu kwamba hatuwezi kulipa sanduku lote mwaka mmoja. Muganga anaongeza kimoja leo, kingine baada ya miaka kumi. Tukavipanga juu ya meza.

Hakukuwa na mpini wa mti wala wa pembe. Zamani mipini ilikuwa ya namna hiyo, na visu vililazwa ndani ya masanduku ya mti yenye kitambaa laini. Mwaka 1867 Lister, daktari wa Uingereza, alifundisha kuua vijidudu vya vidonda. Baadaye desturi ya kuchemsha vyombo ilienea, na kwa kuwa mti hauvumilii maji ya moto, mafundi wakatengeneza vyombo vya chuma kitupu.

Mikasi ilikuwa inabambuka kama magamba ya samaki. Hiyo ni nikeli, iliyopakwa juu ya chuma kabla inox haijaenea. Harry Brearley wa Sheffield alitengeneza chuma kisichoshika kutu mwaka 1913, na hospitali zilikipata polepole. Kwa hiyo chombo chenye neno "Inox", au "Rostfrei" la Wadachi, hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo.

Jina la fundi hutafutwa karibu na kiungo. Futa kwa kitambaa kikavu. Mchanga unakula maandishi! Kwenye koleo moja tulisoma "Collin" na "Paris". Nyumba hiyo ilirithi kazi ya Joseph Charrière, fundi mzaliwa wa Uswisi aliyefariki mwaka 1876. Waganga wetu wanamtaja bila kujua: namba ya "Ch" kwenye mpira wa mkojo ni kipimo chake, na Ch 18 ni milimita 6 za unene.

Koleo jingine, lenye meno kwenye ncha, mama alilijua: "Hii ni Kocher." Ndiyo, lakini Kocher ni daktari wa Uswisi aliyebuni umbo lake, siye aliyelifua. Limeandikwa "W. Germany", maana yake lilitengenezwa wakati Ujerumani imegawanyika, kati ya 1949 na 1990. Pengine mzee alilipata baada ya uhuru wetu.

Kisu kimoja kidogo hakikuwa na jina lolote. Mama akataka kukitupa. Nikamsimulia habari za Robert Felkin, Mwingereza aliyeona mama akipasuliwa mwaka 1879 huko Kahura, Bunyoro, Uganda. Mpasuaji aliosha mikono na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, kama kasiksi yetu, akazuia damu kwa chuma chekundu cha moto, akafunga kidonda kwa pini saba za chuma zilizosuguliwa vizuri. Mama na mtoto walipona. Felkin aliitangaza habari hiyo mwaka 1884. Vyombo vile havikuhitaji muhuri wa Paris.

Kuhusu mikasi sikuzunguka. Chini ya magamba yale uchafu unajificha, na kuchemsha nyumbani hakumalizi mbegu za pepopunda. Kitovu kikatwe kwa wembe mpya au kwa vyombo safi vya kituo cha afya. Shangazi alinuna, kisha akairudisha.

Sasa kila chombo kina karatasi yake, na kile kisu kimefungwa peke yake. Mnunuzi wa vyuma amesema atarudi Jumatano.