Bushi Ngumu Haitaki Nyundo

Gari likianza kugonga kwenye kila tuta, likavuta upande ukikanyaga breki na tairi la mbele likaliwa upande mmoja, lawama ya kwanza huangukia shokapu. Mara nyingi mwenye kosa ni bushi za mkono wa chini, ule mkono wa chuma au alumini unaounganisha tairi na fremu. Bushi yenyewe si kitu kikubwa: ganda la chuma nje, mrija wa chuma ndani wa kupitisha bolti, na mpira ulioshikamanishwa kati yake kiwandani. Kazi ni kuiingiza. Ganda hutengenezwa makusudi likiwa kubwa kidogo kuliko tundu lake, ili likishaingia lisicheze. Gereji zenye vifaa hutumia presi. Asiye na presi hukimbilia nyundo, na bushi nyingi mpya huharibikia hapo hapo.

Nyundo haijui kunyoosha. Bushi ikilala kidogo tu, ukingo wa ganda huchimba tundu, na kila pigo linazidisha ulalo. Baya zaidi, wengi hupiga pale panapofikika, yaani kwenye mrija wa ndani, nguvu ikapita kwenye mpira na kuubandua. Kwa macho bushi itaonekana nzima.

Presi unaweza kuiunda mwenyewe kwa bolti ndefu yenye hesi mwili mzima, nati mbili, washa nene na vipande viwili vya bomba la chuma. Pitisha bolti katikati ya bushi na tundu. Upande wa kusukumia weka kipande cha bomba kinachokaa juu ya ganda la nje peke yake. Soketi kubwa kuukuu pia inafaa. Upande wa pili weka bomba pana kuliko bushi, liegemee ukingo wa tundu na kuacha nafasi ya bushi kutokeza. Kaza nati taratibu. Kwa bolti ya milimita 12 yenye hesi za kawaida, mzunguko mmoja wa nati husogeza bushi milimita 1.75 tu, kwa hiyo una muda wa kuona ikianza kulala, ukailegeza na kuanza upya. Nunua bolti yenye alama 8.8 au 10.9, kwani zile fimbo za hesi za kazi za ujenzi mara nyingi ni chuma laini, na hesi zake husagika kabla bushi haijafika nusu.

Kabla ya hapo tundu liwe safi. Kuitoa bushi kuukuu kwa kuichoma moto ni mazoea ya mitaani nisiyoyapenda: moshi wake ni sumu, na mkono wa alumini hupoteza nguvu ukipashwa moto mkali. Toboa mpira kwa drili, utoe mrija, kisha kata ganda kwa ndani kwa msumeno wa chuma, ukiacha kabla ya kugusa mkono wenyewe, na ulikunje kwa tindo. Msasa umalizie kutu. Lakini kabla hujatoa chochote, weka alama ya jinsi bushi ilivyokaa, maana nyingine zina matobo ndani ya mpira yanayopaswa kuelekea upande maalumu.

Kuiweka bushi mpya kwenye friza kunasaidia, ila si kama kunavyosifiwa. Ganda la kipenyo cha milimita 40 likitoka joto la kawaida hadi nyuzi 18 chini ya sifuri hupungua takriban milimita 0.02. Mkono wa alumini ukipashwa hadi karibu nyuzi 100, tundu lake hupanuka zaidi ya mara tatu ya hapo. Fanya yote mawili, haraka. Kulainisha, tumia maji ya sabuni. Oili ya injini na grisi ya kawaida huuvimbisha mpira na kuuoza.

Sasa kosa linaloua hata bushi iliyoingia vizuri. Bolti ya kufunga mkono kwenye fremu isikazwe kabisa tairi likining'inia. Kukaza hubana mrija wa ndani usizunguke tena, na kila mwendo wa mkono baada ya hapo ni mpira unaojisokota. Ukikaza gari likiwa juu, mpira utakuwa umesokotwa muda wote gari likiwa chini, na utachanika mapema. Funga kwa vidole, weka gari juu ya stendi imara, kisha jeki chini ya mkono, karibu na tairi, uinue mpaka gari lianze kuachia stendi upande huo. Hapo ndipo ukaze. Kisha gari lipimwe alaimenti.

Bushi za polyurethane hazina sharti hilo. Nyingi huja vipande viwili vinavyosukumwa kwa mkono au kwa jiliwa, na mrija wake huzunguka huru ndani, hivyo unaweza kukaza gari likiwa juu. Zinadai grisi yake maalumu. Zikikaushwa, zitalia kila tuta.