Vijidudu Katika Maji

Mji wa Kindu uko kando ya mto Lualaba. Mtu achotapo maji mtoni huyaona safi, lakini pengine yana vijidudu visivyoonekana kwa macho. Huitwa bakteria. Kimoja hujigawa kuwa viwili, viwili kuwa vinne, na kwa siku moja huwa vingi mno. Vingi havidhuru, huozesha majani makavu na kurutubisha udongo. Lakini kijidudu cha kolera ni adui. Robert Koch, daktari Mjerumani, alikitambua mwaka 1884. Mgonjwa huharisha sana, maji ya mwili humwishia, na asipotibiwa aweza kufa kwa saa chache. Kinga iko jikoni: maji yakitokota, kijidudu hufa. Mama mwenye busara huyachemsha, huyafunika, ndipo watoto hunywa.