Nani alikuwa na haja na babu yako?

Ukienda RITA, wakala wa serikali wa usajili, kutafuta cheti cha kuzaliwa cha babu aliyezaliwa Busisi, wilayani Sengerema, mwaka 1910, utarudi mikono mitupu. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ya mwaka 1920 haikuwalazimisha Waafrika, na watoto wengi wa vijijini walizaliwa, wakakua na kuzeeka bila karatasi. Mimi huanza na swali jingine: nani alikuwa na haja naye? Serikali ilitaka kodi yake, padri alitaka kumbatiza, baraza lilimwita kwenye kesi. Kila mmoja aliliandika jina lake kwa namna yake.

Tuseme aliitwa Mabula, jina la mtoto wa Kisukuma aliyezaliwa wakati wa mvua. Akina Mabula wamejaa kanda nzima, kwa hiyo jina peke yake halikufikishi popote. Kaa kwanza na wazee. Uliza ukoo, mwiko wake, mwanangwa (mkuu wa kijiji) aliyemtawala, na hasa majina ya ndugu zake. Ukiambiwa alifuatiwa na Kulwa na Doto, kisha Shija, umepata nyumba iliyozaa mapacha, na Mabula wa namna hiyo ni wachache. Mzee usimbane kwa mwaka. Muulize babu alikuwa mkubwa kiasi gani Waingereza walipoichukua Mwanza, na hiyo ni Julai 1916.

Sasa vuka maji ya ziwa, umtafute kwa mapadri. Misheni ya Bukumbi ilianzishwa na mapadri wa White Fathers mwaka 1883, ng'ambo ya Busisi. Zamani watu walivuka kwa mtumbwi, baadaye kwa kivuko. Tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita 3. Mwandikie paroko barua mapema, maana daftari la ubatizo ni mali ya kanisa na lina siri za watu. Humo Mabula huenda ni Josephus, kwa Kilatini, kwa hiyo mtafute kwa baba, mama na msimamizi wake. Kumbuka pia kwamba padri Mfaransa aliandika "ou" aliposikia "u": Boukoumbi, Maboula. Mjerumani naye aliiita Mwanza Muansa.

Kuna jambo linaloniumiza kila nikifungua madaftari ya misheni za zamani. Baadhi ya waliobatizwa mwanzoni walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Mtoto wa namna hiyo huenda hakujua tena kwao ni wapi, na mjukuu akifika kwenye mstari huo hana pa kwenda. Asijitungie ukoo ili kuziba pengo.

Nyaraka za utawala ziko Nyaraka za Taifa. Huko wengi hukwama kwa kutafuta "Sengerema", wilaya iliyomegwa kutoka Geita mwaka 1975. Mtu wa Busisi wa enzi ya Mwingereza mtafute katika majalada ya Geita na ya Mwanza. Mimi hupenda zaidi kesi za mabaraza, zile za ng'ombe wa mahari na urithi, kwa sababu wanaogombana hutaja ndugu wote, hata waliosahauliwa nyumbani.

Ukimpata, usinakili mstari wake tu. Nakili na majina yaliyo juu na chini yake. Waliobatizwa siku moja aghalabu walitoka kijiji kimoja, na mjukuu wa mmoja wao huenda bado analima Busisi.