Kijapani: neno «ni» na siku ya mushahara

Tuwaze karatasi ya kazi yenye kuandikwa kwa Kijapani, na ndani kuna mustari wa mushahara. Kama wameandika «getsumatsu made ni harau», ni kusema watalipa mbele mwisho wa mwezi upite. Inaweza kuwa tarehe 25, inaweza kuwa tarehe 30, lakini mwezi hautaisha bila makuta. Sasa toa lile «ni» moja, ubakize «getsumatsu made harau». Maana imegeuka: wataendelea kulipa mpaka mwisho wa mwezi, kisha basi. Herufi mbili tu! Sisi wa sendika tunajua ugomvi wa namna hiyo kwa Kifaransa, kati ya «jusqu'au 30» na «au plus tard le 30». Kumbe na Wajapani wako nao, na wao wanaufunga kwa kubandika neno dogo moja nyuma ya lingine.

Mwingine ataulizia Kijapani kinatuhusu nini. Wazee wa Musoshi, kule ngambo ya Kasumbalesa, hawataulizia. Kampuni Nippon Mining ilipata eneo la shaba katika inchi yetu mwaka 1967, mugodi wa Musoshi ukaanza kutoa shaba mwaka 1972, na Wajapani wakafanya kazi pale pamoja na baba zetu. Na leo vijana wengine wanajifunza luga hiyo katika simu. Basi tuiangalie vizuri.

Katika Kijapani, maneno madogo ya kuonyesha mahali, njia ao mwenye kutenda yanafuata jina, hayalitangulii. Sisi tunasema «mu mugodi», «ku kazi». Wao wanasema «kōzan de», ni kusema mugodi kwanza, «mu» nyuma. Lakini tukiandika Kiswahili cha kitabu tunasema «kazini», «mugodini», na pale siye pia tunabandika nyuma. Wao wako na «ni» ya mahali vilevile. Ni bahati tu, luga hizi mbili hazina undugu, lakini inasaidia kukumbuka.

Utamu unaanza pale maneno hayo yanaposhikana mawili. Hapa kwetu hakuna mutu anasema «kazi mugodi». Anasema «kazi ya mu mugodi»: «ya» na «mu» zinafuatana. Mujapani anafanya vile vile, ila kwa kupindua: «kōzan de no shigoto». «De» ni mu, «no» ni ya. Mugomo wa ku Miike ni «Miike de no suto». (Miike ulikuwa mugodi wa makaa katika kisanga cha Kyushu. Wachimbaji wake waligoma kwa miezi mingi mwaka 1960, na tarehe 9 Novemba 1963 mulipuko ukaua watu 458 pale. Jina hilo mutu wa mugodi anapashwa kulijua, hata kama hajifunzi luga.)

Sasa kampuni ni «kaisha», barua ni «tegami». Ukisema «kaisha no tegami», ni barua ya kampuni, na mutu hajui kama kampuni imeiandika ao iko nayo tu mu biro. Ukisema «kaisha kara no tegami», hakuna tena mashaka: imetoka ku kampuni. «Kaisha e no tegami» ni ile tunayoituma sisi kwenda ku kampuni. Angalia jambo moja: «ni» nayo inaweza kuonyesha kule kitu kinaenda, lakini haikubali kufuatwa na «no» hii, lazima «e» ichukue nafasi yake. Na sendika ni «kumiai». «Kumiai to no kyōtei» ni mapatano yenye kufanywa na sendika, pande mbili mezani. Ukiondoa «to», yanabaki mapatano ya sendika, na mutu anaweza kuyawaza ni yao peke yao. Delege mwenye akili hataacha «to» ianguke.

Kuna tena «wa» na «mo». Hizo zinakaa mwisho kila mara, nyuma ya «ni», «de», «kara»: wanasema «ni wa», hawasemi «wa ni». Na zikikutana na «ga» ao «o», zinazifukuza, zinakaa peke yao. Sikiliza tofauti: «kōzan ni wa isha ga inai», upande wa mugodi hakuna munganga, lakini pengine mu mugini iko. «Kōzan ni mo isha ga inai», hata mugodini nako hakuna. Mukubwa akisema ya kwanza, unaweza kumuulizia: basi iko wapi?

Yenye inatupendeza kupita zote ni «dake», ni kusema «tu». Inaweza kutangulia «de» ao kuifuata, na maana haifanani. «Basu dake de ikeru»: basi peke yake inatosha kukufikisha, hakuna lazima ya kuongeza pikipiki. «Basu de dake ikeru»: ni kwa basi tu utafika, kwa miguu hapana, kwa pikipiki hapana. Ya kwanza ni habari njema kwa mutu wa pointi ya usiku. Ya pili, siku basi imeharibika, ni kulala ku kazi. Pamoja na «ni», mambo ni mepesi zaidi: «kumiai dake ni hanasu» na «kumiai ni dake hanasu», zote karibu ni jambo moja, nitasema na sendika tu.