Mwanafunzi wa kigeni na nyumba ya kupanga Ann Arbor: sahihi moja, deni la miezi 12

Barua ya kudahiliwa katika chuo kikuu cha Marekani ikishafika, familia nyingi za Bujumbura, Kigali, Goma au Kampala huelekeza nguvu zote kwenye viza na tiketi ya ndege. Swali la mahali atakapoishi mwanafunzi huachwa hadi mwisho, kana kwamba ni jambo la kumalizwa siku ya kuwasili. Katika mji kama Ann Arbor, jimbo la Michigan, jambo hilo huweza kugharimu zaidi ya tiketi yenyewe, na mara nyingi huamuliwa kwa sahihi ya kwenye simu inayotiwa na mtu ambaye hajawahi kuuona mji huo.

Ann Arbor ni mji ulioota kuzunguka chuo. Chuo Kikuu cha Michigan kilianzishwa Detroit mwaka 1817 na kikahamia hapo mwaka 1837. Leo mji una wakazi wapatao 120,000, na kampasi yake ina wanafunzi zaidi ya 50,000. Mabweni ya chuo hayawezi kuwapokea wote. Wengi huyaacha baada ya mwaka wa kwanza na kutafuta nyumba mitaani, na wale wa shahada za uzamili huanzia huko huko. Mivutano kati ya wapangaji na wenye nyumba si mipya: mwaka 1969 wanafunzi wa mji huo waliendesha mgomo wa kutolipa kodi ya nyumba.

Kalenda ya soko hilo ndiyo humshangaza mgeni kwanza. Mikataba mingi huanza mwishoni mwa Agosti na kwisha Agosti inayofuata, na kwa miaka mingi wanafunzi walianza kusaini ya mwaka unaofuata hata kabla ya kuzoea nyumba waliyomo. Mwaka 2021 baraza la mji lilibadilisha sheria yake ndogo: nyumba yenye mpangaji haiwezi kuonyeshwa wala kupangishwa kwa mtu mwingine mpaka zibaki siku 150 mkataba uliopo umalizike. Kwa mkataba unaokwisha Agosti, siku hizo huanza mwezi Machi. Kwa mwanafunzi anayepata barua yake ya udahili kati ya Februari na Aprili, hilo ni nafuu kubwa, ingawa wenye nyumba wamewahi kutumia orodha za kusubiri ili kuwafunga wateja mapema. Anayeambiwa mwezi Aprili kwamba asiposaini leo atakosa kila kitu hana sababu ya kuamini. Vyumba huendelea kupatikana hadi Agosti, hasa mbali kidogo na kampasi.

Jambo la pili ni hesabu. Tuseme tangazo linataja dola 1,000 kwa mwezi. Mwaka wa masomo huanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, yaani miezi kama minane. Mkataba ni wa miezi 12. Anayerudi nyumbani kwa likizo ndefu ataendelea kudaiwa dola 4,000 kwa chumba kisicho na mtu, isipokuwa apate wa kumwachia kwa miezi hiyo, na mikataba mingi hudai kibali cha mwenye nyumba kwa maandishi kabla ya kufanya hivyo. Kwa kuwa wanafunzi wengi huondoka kwa pamoja, wanaotafuta wa kuwaachia vyumba ni wengi kuliko wanaovihitaji, na bei hushuka. Mgeni anaweza kufaidika na hali hiyo: akifika mapema, anaweza kuchukua chumba cha mtu kwa miezi ya kiangazi, akautembea mji, ndipo akachagua.

Juu ya kodi huja umeme, gesi, maji, intaneti na maegesho ya gari. Majengo mapya ya ghorofa karibu na kampasi hujumlisha baadhi ya hayo. Nyumba kuukuu za mbao, ambazo ndizo nyingi mitaani, kwa kawaida hayamo. Mtu aliyekulia Bujumbura huenda asijue maana ya gharama hiyo mpaka Januari, wakati halijoto inaposhuka chini ya sifuri kwa majuma mfululizo na nyumba yenye madirisha yanayopitisha upepo inakula gesi usiku na mchana. Mwombaji ana haki ya kuuliza kabla ya kusaini: bili ya Januari iliyopita ilikuwa kiasi gani? Mpangaji anayehama hulijibu swali hilo kwa ukweli kuliko ofisi ya wakala.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi haimo katika bei. Imo katika ibara moja ambayo mikataba ya Kiingereza huiita "joint and several". Maana yake ni kwamba wapangaji wanadaiwa kwa pamoja, na kila mmoja peke yake anadaiwa chote. Wanafunzi wanne wakipanga nyumba ya dola 4,000 kwa mwezi, wao hujiona kila mmoja ana deni la dola 1,000. Mwenye nyumba hauoni mgawanyo huo. Mmoja akiacha masomo mwezi Novemba na kutoweka, watatu waliobaki watadaiwa dola 4,000 zile zile, na akitaka anaweza kumdai mmoja wao tu, yule anayeonekana kuwa na uwezo. Vivyo hivyo mmoja akivunja mlango. Kwa hiyo kuchagua wenzake wa nyumba ni sawa na kuchagua watu wa kukopa nao, na urafiki wa juma la kwanza kwenye kundi la WhatsApp ni msingi dhaifu wa mkopo wa aina hiyo.

Njia ya kuepuka ibara hiyo ipo. Majengo mengi makubwa yaliyojengwa kwa ajili ya wanafunzi hutoa mkataba wa chumba kimoja kimoja: kila mtu hudaiwa kodi ya chumba chake, na jengo ndilo hutafuta wa kujaza nafasi ya aliyeondoka. Bei huwa juu zaidi, na mpangaji huenda asiwe na usemi juu ya nani ataletwa jikoni mwake. Kwa mwanafunzi asiyemjua mtu yeyote mjini, mara nyingi ongezeko hilo lina thamani yake.

Kisha huja suala la mdhamini. Wenye nyumba Marekani hutaka kuona historia ya mikopo, yaani kumbukumbu ya jinsi mtu alivyolipa madeni yake nchini humo. Mwanafunzi aliyewasili jana hana historia hiyo, na mara nyingi hana hata namba ya hifadhi ya jamii, ambayo mwenye viza ya masomo huipata akishapata kazi inayoruhusiwa. Sheria ya mwaka 1968 kuhusu haki katika makazi inakataza kumbagua mpangaji kwa rangi, dini au asili ya taifa lake, lakini haikatazi kumdai mdhamini. Hapo ndipo simu hupigwa kwa mjomba au shangazi aliyeko Lansing au Grand Rapids, miji ya Michigan ambako familia nyingi za Wakongo zilipewa makazi mapya. Ndugu huyo, kwa heshima ya ukoo, husaini bila kusoma.

Kinachostahili kusemwa waziwazi ni hiki: katika nyumba ya pamoja, karatasi ya udhamini mara nyingi haimfungi ndugu huyo kwa sehemu ya mpwa wake tu. Inaweza kumfunga kwa mkataba wote, pamoja na madeni ya vijana watatu asiowajua. Kuomba kwamba udhamini uwekewe kikomo cha fedha, na kikomo hicho kiandikwe, ni ombi la kawaida. Baadhi ya wenye nyumba hukubali. Wasipokubali, mjomba anapaswa kujua anachotia sahihi. Zipo pia kampuni zinazodhamini wanafunzi wa kigeni kwa malipo, na ada yao hairudishwi.

Wengine huambiwa walipe kodi ya miezi mingi kwa mkupuo badala ya mdhamini. Kwa msomaji wa eneo letu, aliyezoea kulipa miezi kadhaa mapema na kumpa dalali chake, komisiyoneri kama aitwavyo Kigali na Bujumbura, dai hilo halishtui. Michigan ina sheria juu yake. Amana haiwezi kuzidi kodi ya mwezi mmoja na nusu, na kodi yoyote inayodaiwa kulipwa mapema, zaidi ya ile ya kipindi cha kwanza, huhesabiwa kuwa sehemu ya amana hiyo. Anayepewa dai kubwa kuliko hapo asibishane na wakala. Aupeleke mkataba kwenye ofisi ya huduma za kisheria ya chuo, ambako wanasheria huwahudumia wanafunzi waliosajiliwa bila kuwatoza ada. Ofisi hiyo husoma mikataba kabla ya kusainiwa, jambo ambalo ni wachache hulitumia.

Wenye bajeti ndogo wana njia mbili zinazofaa kufikiriwa. Ya kwanza ni nyumba za ushirika wa wanafunzi, ambao mjini humo una historia tangu miaka ya 1930. Wakazi wenyewe huzimiliki kwa pamoja, hupika na kusafisha kwa zamu za saa chache kila juma, na gharama ya chakula hujumlishwa humo. Ya pili ni Ypsilanti, mji jirani upande wa mashariki, ambako kodi huwa chini. Mabasi huiunganisha na Ann Arbor, na mwanafunzi wa chuo hupanda kwa kitambulisho chake bila kulipa nauli. Kabla ya kuichagua ni vyema kutazama ratiba ya usiku na ya Jumapili. Maabara hufungwa saa ambazo mabasi ni machache.

Ulaghai nao upo, na huwalenga walio mbali. Picha nzuri, bei ya chini, mwenye nyumba "aliye safarini" anayetaka fedha zitumwe ndipo atume ufunguo: hizo ndizo alama zake. Fedha zisitumwe kabla ya mtu wa kuaminika, hata kama ni mwanafunzi mwenzake aliyetangulia, kuingia ndani ya nyumba. Mtu huyo aangalie pia kama chumba cha chini ya ardhi kina dirisha ambalo mtu mzima anaweza kutokea moto ukizuka, na aulize kama nyumba ina cheti cha ukaguzi cha mji, ambacho Ann Arbor inakidai kwa nyumba za kupangisha.

Siku ya kuingia, mpangaji hupewa orodha ya hali ya nyumba. Ana siku 7 kuijaza na kuirudisha, na kila doa asiloliandika linaweza kuwa lake mwishoni. Picha za siku hiyo zihifadhiwe.

Mwishoni ndipo wageni wengi hupoteza amana yao, na si kwa sababu ya uharibifu. Mpangaji anatakiwa kutoa anwani yake mpya kwa maandishi ndani ya siku 4 baada ya kuhama. Mwenye nyumba ana siku 30 kurudisha fedha au kutuma orodha ya anachodai. Mpangaji anayepinga ana siku 7 kujibu kwa barua. Akishajibu, ni juu ya mwenye nyumba kwenda mahakamani ndani ya siku 45 tangu mpangaji ahame. Asipofanya hivyo na akaendelea kushikilia fedha zisizo za kodi iliyosalia, anaweza kudaiwa mara mbili ya alichoshikilia. Ulinzi huo ni mzuri, lakini umeandikwa kwa ajili ya mtu anayepokea barua Michigan. Barua iliyotumwa Goma au Gitega haifiki kwa siku 7. Anayerudi nyumbani baada ya kuhitimu aandike anwani ya rafiki au ndugu aliyebaki Marekani, amwombe afungue bahasha siku hiyo hiyo na kumtumia picha yake.

Kwa anayebaki na kuhamia nyumba nyingine kuna tarehe moja zaidi: mwenye viza ya masomo ya aina ya F-1 anapaswa kuarifu anwani mpya kupitia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chake ndani ya siku 10.