Ukienda kusoma Marekani, maliza kemia kabla ya kuhamia chuo kikuu

ILIKUWA saa sita usiku hapa Nairobi, alasiri kule Texas, simu yangu ilipolia. Binamu yangu alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Krediti zake nane za sayansi, alisema, hazihesabiki kwenye digrii anayoitaka. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nisimwambie mamake kwanza.

Nilimwelewa. Mamake, ambaye ni shangazi yangu, huuza mitumba Gikomba. Nauli ya ndege ilichangwa na ukoo mzima na watu wa chama. Shangazi alikuwa ashatangaza kila mahali kwamba binti yake anaingia chuo kikuu mwezi wa nane kusomea sayansi ya maabara za hospitali. Sasa nani angeenda kuwaambia watu kwamba hesabu imekataa?

Kama una mpango wa kwenda kusoma ng'ambo kwa njia aliyotumia binamu yangu, kaa hapa kidogo. Kosa lake lilikuwa dogo sana, na ndiyo maana ni rahisi wewe pia kulifanya.

Njia yenyewe ni poa. Marekani kuna vyuo vya kijamii, ambavyo husomesha miaka miwili ya kwanza kwa karo nafuu. Kile kikongwe zaidi cha umma, Joliet, kilianzishwa jimboni Illinois mwaka wa 1901. Unasoma pale krediti kama 60, halafu unahamia chuo kikuu kumalizia miaka miwili iliyobaki. Katika mwaka wa masomo wa 2024/25, wastani wa karo ya mwenyeji kwenye vyuo hivi vya umma ulikuwa dola 4,050, ilhali kwenye vyuo vikuu vya umma vya jimbo lake ulikuwa dola 11,610. Mgeni kwa kawaida hulipa zaidi kote kote, lakini tofauti hiyo bado ipo. Kwa familia ya Gikomba, hiyo si doo ya mchezo.

Shida huanza pale mtu anapodhani krediti zote ni sawa. Mwaka wa 2017, ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani, GAO, ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Yaani umekaa darasani, umelipa, umefaulu, halafu karibu nusu ya kazi yako inabaki mlangoni.

Kwa wanaosomea sayansi, mtego mkubwa uko kwenye nambari za masomo. Texas ina mfumo mmoja wa nambari ambao vyuo vingi hutumia. Chukua BIOL 1406. Tarakimu ya kwanza inaonyesha ni somo la mwaka wa kwanza, ya pili kwamba lina krediti nne. Hiyo ni biolojia ya wanaoenda kusomea sayansi. Sasa tazama BIOL 1408. Nayo ni biolojia, nayo ina krediti nne na maabara, ila ni ya wale ambao hawasomei sayansi; msee wa biashara au historia anayetaka tu kutimiza sharti la kusoma sayansi kidogo.

Kemia ni vivyo hivyo. CHEM 1405 ni kemia ya utangulizi, CHEM 1411 ndiyo kemia yenyewe. Fizikia pia ina PHYS 1401 inayotumia aljebra, na PHYS 2425 inayotumia kalkulasi, ambayo ndiyo wahandisi hutakiwa kuwa nayo.

Binamu yangu alipofika, wenzake walimshauri achukue zile rahisi apige A, aanze na GPA safi. Akachukua 1408 na 1405, na kweli akapiga A zote mbili. Chuo kikuu kilipokagua transkripti yake, krediti hizo nane ziliingia kama masomo ya ziada tu. Kwenye digrii ya maabara, ilikuwa kama hajaanza.

Ungesema basi arudie haraka, yaishe. Lakini sayansi hupandwa kama ngazi. Huingii CHEM 1411 kabla ya kuwa na aljebra ya kiwango cha chuo au kufanya nayo kwa pamoja. Huingii CHEM 1412 bila 1411. Kemia kaboni, ile ya viumbe na dawa, nayo ina sehemu mbili na inasubiri 1412. Hizo ni semista nne zinazofuatana. Ukianza ngazi hiyo mwaka wa pili, utafika chuo kikuu ukiwa bado kwenye kidato cha katikati huku wenzako wa mwaka wa tatu wakiendelea na masomo yanayodhani tayari unaijua.

Na usijipe moyo na KCSE. A yako ya Kemia inaonyesha umemaliza sekondari vizuri na itakusaidia kuelewa darasani, lakini kwa kawaida haikupi krediti ya chuo. Wengi hufanyishwa mtihani wa kupima kiwango cha hisabati na Kiingereza wakifika, na matokeo ya hisabati ndiyo huamua utaanzia wapi kwenye kemia. Usiende kuufanya ukiwa umechoka na safari. Rudia aljebra yako kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo mwenyeji halimsumbui sana ila wewe litakusumbua: viza. Mwenye F-1 anayesomea shahada ya kwanza lazima asome angalau krediti 12 kila muhula, na katika hizo ni somo moja tu la mtandaoni, lisilozidi krediti tatu, linaloweza kuhesabiwa. Kwa hivyo kemia ikikulemea katikati ya muhula, huwezi kuamka tu na kuiacha. Ukishuka chini ya 12 bila idhini ya afisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni, unaweza kupoteza hadhi yako ya kukaa nchini. Mwone huyo kwanza kabla ya kubonyeza chochote kwenye kompyuta.

Sasa mtu afanye nini?

Anzia mwisho urudi nyuma. Kabla ya kujisajili somo la kwanza, chagua vyuo vikuu viwili au vitatu unavyolenga, fungua ukurasa wa digrii unayoitaka, uandike nambari za masomo ya sayansi wanayodai. Ukienda California, kuna tovuti ya umma inayoitwa ASSIST inayoonyesha somo gani la chuo cha kijamii linakubaliwa kama lipi kwenye vyuo vikuu vya umma. Halafu nenda kwa mshauri wa masomo na karatasi hiyo mkononi. Ukimuuliza tu "nichukue nini?" atakupa jibu la kila mtu.

Anza ngazi ya kemia na hisabati semista ya kwanza, hata kama inatisha. Lakini usirundike sayansi tatu kwa muhula mmoja. Mbili zenye maabara zinatosha, nyingine jaza na Kiingereza, historia na kadhalika. Hifadhi silabasi ya kila somo. Chuo kikuu kikiuliza ulisoma nini hasa kwenye maabara, karatasi hiyo ndiyo wakili wako.

Ukitaka uuguzi, uliza pia kuhusu umri wa masomo. Programu nyingi hukataa anatomia, fiziolojia au mikrobiolojia iliyosomwa zaidi ya miaka mitano hivi iliyopita, na huangalia sana alama za sayansi peke yake, si GPA ya jumla. C inaweza kukuhamishia krediti na bado ikakunyima nafasi.

Je, lazima umalize kila kitu kabla ya kuhama? Hapana. Kuna masomo ambayo chuo cha kijamii hakifundishi. Pia kuna kikomo. Chuo Kikuu cha California, kwa mfano, huhesabu krediti 70 tu za semista kutoka chuo cha kijamii kuelekea digrii. Ukikaa sana, unalipia masomo yasiyokusogeza. Kipimo changu ni hiki: usihame ukiwa katikati ya ngazi. Kama umefanya kemia ya kwanza, maliza ya pili hapo hapo, kwa sababu kila chuo hugawa mada kwa namna yake, na ukivuka katikati unaweza kurudia nusu na kukosa nusu.

Hilo ndilo binamu yangu alilazimika kuamua. Chuo kikuu kilikuwa kimemkubali, kikimwambia ataweza kumalizia kemia huko huko, kwa karo ya huko. Barua ya kukubaliwa ilikuwa mkononi. Angeondoka, shangazi asingejua chochote, na chama kingeshangilia. Badala yake aliomba nafasi yake isogezwe, akabaki chuo cha kijamii mwaka mmoja zaidi, akafanya 1411 na 1412 kwa mpangilio.

Kumwambia shangazi kulibaki kazi yangu. Nilimkuta kwenye kibanda chake akikunja jinzi, nikamweleza polepole. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Kwa hivyo anarudia kwa sababu alianguka?"

Nikamwambia hapana, shangazi. Alipita mtihani ambao haukuwa wake.

Akakunja jinzi nyingine. "Basi afanye ulio wake," akasema. "Watu wa chama nitawaambia mimi."