Kupima Mwanga kwa Picha za Ndani

Mwalimu wa Old Korogwe, wilayani Korogwe, apigapo picha ya wanafunzi waliosimama mbele ya dirisha la darasa, mara nyingi hupata dirisha jeupe na nyuso nyeusi zisizotambulika. Je, kamera imeharibika? La. Imetii kanuni yake.

Old Korogwe ipo karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Adhuhuri jua huwa juu sana, na upenu wa paa huzuia miali yake isiingie ndani. Uwanjani mwanga hufikia luksi 100,000 hivi. Darasani, tuseme, luksi 400 tu. Tofauti ni mara 250. Jicho huizoea upesi. Kamera haina budi kurekebishwa.

Marekebisho ni matatu: tundu la lenzi, muda wa kufunguka kwa shata, na wepesi wa kihisi, unaoandikwa ISO. Penye jua kali hufaa f/16, sekunde 1/100 na ISO 100. Tukifungua tundu mpaka f/4, kipenyo huwa mara 4, na kwa hiyo eneo, na mwanga, huwa mara 16. ISO 800 huongeza mara 8, na sekunde 1/50 mara 2. Basi 16 × 8 × 2 = 256, kiasi kinachotosha. Hata hivyo, tundu kubwa hupunguza kina cha sehemu iliyo wazi, shata ya polepole hudhihirisha mtikisiko wa mkono, na ISO kubwa huleta chembechembe.

Kwa nini basi nyuso huwa nyeusi hata kamera ikijirekebisha yenyewe? Ipimapo wastani wa picha nzima, kamera hukisia kwamba vitu vinaakisi takriban asilimia 18 ya mwanga. Dirisha au mashati meupe yakitawala, hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Ngozi nyeusi ndiyo inayopata hasara. Enzi za filamu nako, maabara zilisawazisha rangi kwa “kadi za Shirley” za Kodak, ambazo kwa miaka mingi zilionyesha wanawake weupe.

Dawa ni nyepesi. Wanafunzi walielekee dirisha. Mwanga upimwe usoni. Au iongezwe fidia ya +1, yaani mwanga mara 2.

Jaribio: Pigeni picha ya karatasi nyeupe ijaze picha nzima, bila fidia. Itatoka ya kijivu. Ni fidia gani itakayoirudishia weupe wake? Elezeni sababu.